Jibu kwa mkunga aliyempoteza mama zamu ya usiku

Swali: Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Miezi miwili iliyopita, zamu ya usiku, tulimpokea mama aliyeletwa kutoka zahanati akiwa anatokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Tulifanya tulichoweza, lakini damu ya kumwongezea ilichelewa kupatikana, naye akafariki kabla ya alfajiri. Mtoto wake yu hai, analelewa na bibi yake. Tangu siku hiyo silali vizuri, ninahesabu dakika za usiku ule kichwani, ninamkagua kila mama mara tatu, na nikipangiwa leba moyo unaenda mbio. Wakubwa kazini wananiambia nitazoea. Kwenye kikao cha kujadili kifo chake nilihojiwa kama mshtakiwa. Je, huu ni udhaifu? Nitazoea kweli? Niache kazi? Na je, ni vibaya nikienda kuwapa pole ndugu zake?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Ninaanza na neno hilo kwa sababu nimeisoma barua yako yote na sikuona mahali ambapo mtu yeyote kazini alikupa pole.

Nitajibu kwanza lile la udhaifu, kwa kuwa naona ndilo linalokutafuna zaidi. Hapana, si udhaifu. Kukosa usingizi, picha za usiku ule kujirudia, moyo kwenda mbio unapokaribia mlango wa leba, kukagua mara tatu kile kinachotosha kukaguliwa mara moja, yote haya ni kawaida kwa mtu mwenye akili timamu aliyepambana kuzuia kifo na kifo kikamshinda. Ubongo wako umeandika kwamba leba ni mahali pa hatari, na sasa unakupigia kengele kila unapopakaribia. Hata hivyo, jambo la kawaida likikaa muda mrefu mno huhitaji kutibiwa, na nitalirudia hilo mbele, kwa sababu miezi miwili si siku chache.

Fikiria kilichotokea asubuhi ile. Ndugu wa marehemu walikwenda nyumbani kuweka matanga. Majirani walikuja, wengine na mkeka, wengine na rambirambi, na kwa siku kadhaa hakuna aliyewatazamia wafanye lolote isipokuwa kuomboleza. Wewe uliufunga mwili, ukajaza fomu, ukakabidhi zamu, ukapanda daladala kurudi nyumbani, na ulipofika pengine ulipika. Mtaalamu wa Marekani wa mambo ya msiba, Kenneth Doka, aliandika mwaka 1989 juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui: ya mtu aliyepoteza, lakini ambaye kwa desturi hahesabiwi kuwa mfiwa, na kwa hiyo hapewi nafasi, muda wala pole. Alisema huzuni ya namna hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwenyewe huibeba bila watu, na mara nyingi huona hata haya kuwa nayo. Wahudumu wa afya wamo kabisa katika kundi hilo. Mama yule hakuwa ndugu yako, kwa hiyo huna msiba. Lakini mikono yako ndiyo iliyokuwa juu ya tumbo lake ukijaribu kuuamsha mji wa mimba ukaze.

Kuhusu kuzoea, wakubwa wako hawakudanganyi kwa makusudi. Wanakupa kile walichopewa wao. Wengi wao walianza kazi wakati kifo wodini kilikuwa jambo la kila wiki. Waliohudumia wagonjwa wa UKIMWI kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure hapa nchini mwaka 2004 walifunga miili zamu baada ya zamu, na baadhi ya waliowafunga walikuwa wafanyakazi wenzao. Hapakuwa na nafasi ya kumlilia kila mmoja. Walijifunza kutoangalia sana nyuso, kufanya kazi haraka na kutozungumza, na wakaamini kwamba wamezoea. Ukikaa nao faraghani, wengi bado wanamkumbuka mgonjwa mmoja au wawili kwa jina, kwa kitanda, hata kwa rangi ya kanga.

Njia hiyo ya kujikinga ilichunguzwa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasaikolojia Isabel Menzies Lyth alichunguza uuguzi katika hospitali moja ya London, akaona kwamba utaratibu mzima wa kazi ulikuwa umepangwa ili muuguzi asimkaribie mno mgonjwa: kazi zilikatwakatwa vipande vipande, wauguzi walihamishwahamishwa wodi, na mgonjwa aliitwa kwa kitanda chake au kwa kiungo kinachougua. Taratibu hizo hazikuwaondolea wauguzi hofu. Ziliwanyima tu ile faida ya kumjua mgonjwa na kuridhika na kazi, na wanafunzi wengi wa uuguzi waliacha mafunzo. Nasi tunao usemi wetu wa namna hiyo, wa «kitanda namba sita» na «ile kesi ya damu», na siwalaumu wanaousema. Ninachosema ni kwamba ukifika siku ambayo kifo cha mama hakikugusi hata kidogo, usijipongeze. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilieleza uchovu wa kazini kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kuona kwamba hufanyi tena kazi ya maana. Alama ya pili ndiyo ambayo wodini mara nyingi hupewa jina zuri la kuzoea. Jambo linalobadilika kwa muuguzi mzuri kadiri miaka inavyopita ni wepesi wa kutenda na uwezo wa kuitambua huzuni yake mapema, akajua aipeleke wapi. Maumivu yenyewe hayatakiwi kuisha.

Sasa nije kwenye kikao, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya jeraha lako lilitokea humo. Kifo kinapotokea wodini huacha maswali mawili. La kwanza ni kwamba nini kilitokea, ili mama mwingine asife vivyo hivyo. La pili ni kwamba waliokuwepo wako katika hali gani. Hospitali zetu huuliza lile la kwanza, tena mara nyingi kwa sauti ya ukali, na la pili haliulizwi kabisa. Kikao cha kutathmini kifo cha uzazi ni jambo jema na la lazima. Uingereza ilianza mwaka 1952 uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya uzazi unaofanywa bila kutaja majina, na kutoka hapo akina mama wengi waliokolewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu kufuatilia vifo vya uzazi unasema wazi kwamba tathmini si ya kumtafuta wa kuadhibiwa, na majina hayatakiwi kutajwa. Kikao kinachogeuka mahakama huharibu hata kazi yake yenyewe, kwa sababu zamu inayofuata watu huandika faili la kujilinda, na ukweli uliohitajika kumwokoa mama mwingine hupotea.

Kuna jambo moja ambalo wakubwa wako huenda wasiliseme lakini linafaa ulijue. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hapa Tanzania. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Ni mafanikio makubwa, na wakunga kama wewe ndio walioyafanya. Lakini kadiri vifo vinavyopungua, ndivyo kila kimoja kinavyomulikwa zaidi. Taarifa hutakiwa kufika ngazi za juu ndani ya saa 24, kila ngazi inataka maelezo kutoka ngazi iliyo chini yake, na hofu hiyo yote hushuka hadi inapomkuta aliyekuwa zamu. Ukali uliouona kikaoni huenda ulikuwa hofu ya wengine iliyokufikia wewe. Haikuwa haki, lakini ukijua ilikotoka hutaichukulia kuwa hukumu juu ya thamani yako.

Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Albert Wu, alimwita mhudumu anayeumizwa na makosa au madhara yaliyompata mgonjwa «mwathirika wa pili», na jina hilo likaenea. Baadaye baadhi ya ndugu wa wagonjwa waliofariki waliomba liachwe, kwa kuwa linamweka mhudumu kwenye nafasi ya marehemu na familia yake. Mimi nakubaliana nao kuhusu jina. Aliyekufa ni yule mama, na waliofiwa ni mtoto, mume na bibi. Lakini jambo ambalo Wu alilionyesha ni la kweli: mhudumu naye huumia, na akiachwa peke yake huweza kuacha kazi, kuugua, au kuwahudumia vibaya wanaofuata.

Unahesabu dakika. Basi na tuzihesabu pamoja, kwa haki. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye kituo, na kuchelewa kupata huduma inayofaa akishafika. Wewe ulisimama mwisho wa mnyororo huo. Mama alikuwa ametokwa na damu zahanati, ametokwa na damu barabarani, kisha akafika kwako, na damu ya kumwongezea haikuwepo karibu. Mwishoni mwa ujauzito mji wa mimba hupitisha takribani nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Mji huo usipokaza, muda uliobaki ni mfupi mno. Anayekuwepo pumzi ya mwisho inapokatika hujikuta akibeba ucheleweshaji wote watatu, ilhali sehemu yake ni kipande tu cha ule wa tatu. Chukua karatasi, uandike kila saa unayoikumbuka, na mbele ya kila moja uandike nani alikuwa na uwezo wa kuibadilisha. Wengi wanaofanya hivyo hushangaa kuona jina lao limeandikwa mara chache kiasi gani.

Ongeza na hili. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ambako wakunga walipewa shuka maalumu la plastiki la kukusanyia na kupimia damu, pamoja na utaratibu wa kutoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja badala ya kungoja moja lishindwe ndipo lijaribiwe jingine. Matukio ya kutokwa damu kwa hatari yalipungua kwa asilimia 60. Katika hospitali zilizoendelea kukadiria damu kwa macho, karibu nusu ya akina mama waliotokwa na damu kupita kiasi hawakutambuliwa kwa wakati. Hao walikuwa wakunga waliosoma na wenye uzoefu. Macho peke yake hayatoshi. Kwa hiyo unapojilaumu kwamba mtu makini zaidi angemwokoa, kumbuka kwamba palipokuwa na tofauti kubwa palikuwa na kifaa, utaratibu na damu ya akiba, pamoja na watu walewale.

Ikiwa katika kuandika utaona kitu ambacho kweli ulikijua na hukukifanya, usikifiche wala usikikuze. Kiseme kwa mtu unayemwamini aliye juu yako kikazi. Faili la marehemu usiliguse kulirekebisha, hata kama unaona ulisahau kuandika jambo. Maelezo ya ziada yaandikwe kama maelezo ya ziada, kwa tarehe ya siku unayoyaandika. Nimeona watu wakiandamwa miaka mingi na mstari mmoja walioubadilisha, kuliko na kosa lenyewe.

Wenzetu wa huduma shufaa, yaani wanaowatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hukutana na vifo vingi kuliko wewe. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na wapo waliodumu katika kazi hiyo miaka mingi. Vifo vyao hutarajiwa, hilo ni kweli, na kifo cha ghafla cha mama kijana huumiza kwa namna nyingine. Lakini pia wana mazoea ambayo wodi zetu hazina: mgonjwa akifariki, timu hukaa ikamzungumzia, na familia hutembelewa baada ya mazishi. Katika hospitali nyingi za Marekani na Uingereza kuna vikao vinavyotokana na kumbukumbu ya Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, ambamo wafanyakazi huzungumzia namna kazi inavyowagusa, na ni mwiko kujadili kama matibabu yalikuwa sahihi. Muuguzi mmoja wa Marekani, Jonathan Bartels, alianzisha desturi ya timu kusimama kimya kwa takribani dakika moja pembeni ya kitanda baada ya kifo, kumheshimu marehemu na waliomhangaikia. Mambo haya hayahitaji bajeti. Muuguzi mfawidhi akiwa mwelewa, chumba, saa moja na chupa ya chai vinatosha, mradi kikao hicho kisichanganywe na kile cha tathmini na yasemwayo humo yasiandikwe popote.

Nikuonye tu kwamba kumkalisha mtu mara moja na kumlazimisha asimulie tukio zima lilivyokuwa hakujathibitika kumkinga na madhara ya baadaye, na Shirika la Afya Duniani halishauri hilo lifanywe kwa kila mtu. Ongea kwa hiari yako, na mtu mmoja au wawili, kwa kadiri unavyoweza. Aliyekuwa zamu nawe usiku ule ndiye wa kwanza ningemtafuta. Inawezekana kabisa naye halali.

Kuhusu usingizi, nitasema waziwazi jambo ambalo tunaofanya kazi na wahudumu tunalijua: ninyi mna funguo za kabati la dawa. Usijipe diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, na usiguse pethidini, ile dawa kali ya maumivu. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za jamii ya diazepamu zisitolewe kwa ajili ya dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio, na baada ya hapo hatari ya kuzitegemea inabaki palepale. Pombe nayo huleta usingizi wa kwanza na kuuiba wa alfajiri. Muombe matroni akupunguzie zamu za usiku kwa muda, ila usiombe kuondolewa leba moja kwa moja. Ukikaa mbali kabisa, hofu hukua. Rudi kidogo kidogo, mchana kwanza, ukiwa na mwenzako mzoefu, na ukague mara mbili badala ya mara tatu, kisha mara moja.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye miezi miwili. Dalili kama zako zikipita mwezi mmoja na zikiendelea kuvuruga kazi na usingizi, ni wakati wa kumwona mtaalamu wa afya ya akili, na ndivyo ninavyokushauri ufanye ndani ya wiki hii au ijayo. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo hivyo. Ukiogopa maneno ya watu, nenda mkoa wa jirani. Ni haki yako kama mgonjwa mwingine yeyote. Yapo matibabu ya mazungumzo yanayoshughulikia kumbukumbu za tukio la namna hii, na yanasaidia. Kama mawazo ya kutotamani kuishi yamekujia hata mara moja, usingoje wiki: mwambie mtu leo, na uende leo.

Niache kazi? Susan Scott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri, mwaka 2009, walieleza kwamba wahudumu waliopitia jambo kama lako hufikia moja ya hatima tatu: huacha au kuhama, huendelea huku wakiteseka kimya, au hujifunza kitu na kukifanyia kazi. Kuondoka si aibu, lakini uamuzi unaofanywa na mtu asiyelala ni uamuzi wa kukosa usingizi, kwa hiyo uahirishe hadi utakapokuwa umetibiwa na kulala. Wanaofikia ile hatima ya tatu mara nyingi hushika jambo moja lililosababisha kifo na kuling'ang'ania. Kwako naona ni damu. Uliza mbele ya mganga mfawidhi, na baadhi ya wenzako wakiwa nawe, ni chupa ngapi hukaa hospitali usiku, nani hupigiwa simu zikiisha, na gari lipi hutumwa. Watu hukuambia kazi ya Mungu haina makosa, na imani ni nguzo nisiyotaka kuigusa. Lakini akiba ya damu ni kazi yetu sisi.

Limebaki la kuwatembelea ndugu. Si vibaya, na kwa mila zetu ni jambo la heshima. Lakini kwanza mwambie mfawidhi wako, kwa sababu kueleza sababu ya kifo ni wajibu wa hospitali, si wako binafsi, na kama kuna malalamiko yanayoshughulikiwa itabidi usubiri yaishe. Ukiruhusiwa, usiende peke yako. Nenda na mwenzako wa zamu ile, bila sare. Miezi miwili imepita, matanga yameanuliwa, hata arobaini imepita kama ni Waislamu, na mtakuta nyumba ambayo wageni wamekwisha kupungua. Usiende kujitetea wala kuomba usamehewe, maana hilo litakuwa mzigo mwingine juu yao. Waambie umekuja kutoa pole, taja jina lake, kisha usikilize. Wakikasirika, kaa na usikilize hasira hiyo pia. Wakikuuliza alikuwaje mwishoni, wape ukweli kwa maneno mepesi, bila ya kitaalamu na bila kuongeza.

Kisha muulizie mtoto. Umri huu anapaswa awe amepata chanjo za wiki ya 6 na kuelekea zile za wiki ya 10, na mtoto asiyenyonya maziwa ya mama yake anahitaji kupimwa uzito mara kwa mara kuliko wengine. Omba kuiona kadi yake ya kliniki. Bibi anaweza kuwa hajui anachotakiwa kumpa, kwa kiasi gani na kwa chombo gani kisafi, na hilo ni jambo unaloweza kumwelekeza palepale mkekani.